Mtoto Tunayemtaka na Pombe Iliyomo Nyumbani

Katika mtaa wetu wa Huruma, hapa Eldoret, liko shauri moja ambalo mwanamke aliyeolewa na mnywaji hupewa bila kuliomba. Huambiwa, "Mzalie mtoto, naye ataacha pombe." Shauri hili hutolewa na mama mkwe, hutolewa na shangazi, hutolewa na jirani auzaye mboga, na nimelisikia hata kinywani mwa mzee mmoja wa kanisa ambaye kwa mambo mengine ni mtu wa busara. Wote hulitoa kwa nia njema. Walakini mimi nakataa kabisa kwamba ni shauri jema, nami nawaomba wasomaji, hasa wale walio na binti au dada aliyeolewa na mnywaji, wanivumilie nieleze sababu zangu, na nieleze pia yale ambayo mimi na mume wangu tumeyafanya badala yake.

Kwanza na tutazame yaliyo mbele ya macho yetu. Huruma si mtaa wa matajiri. Wengi wetu twakaa katika nyumba za kupanga, tukishiriki ukuta mmoja na jirani, na maneno ya nyumba ya kwanza husikika katika nyumba ya tatu. Basi mtu atakaye kujua kama mtoto hutibu ulevi hana haja ya kwenda Chuo Kikuu. Na awahesabu akina baba wanaokunywa katika ua wake mwenyewe, kisha awahesabu watoto wao. Katika ua wetu akina baba hao ni watatu, na watoto wao kwa jumla ni 11. Kama mtoto angekuwa dawa, hao 11 wangetosha.

Tena liko jambo ambalo watoa shauri hawalitaji. Mtoto mchanga huja na furaha, lakini huja pia na gharama, na kukesha usiku, na kilio ambacho hakuna ajuaye maana yake. Mtu ambaye hukimbilia chupa kila apatapo mashaka ataongezewa mashaka, wala hatapunguziwa hata moja. Na yule mtoto mwenyewe twampa kazi kabla hajazaliwa, kazi iliyomshinda mama yake, ikawashinda babu zake, ikamshinda na chifu.

Mimi ni karani katika duka la pembejeo mjini. Wateja wetu wengi ni wakulima wa Moiben, Ziwa na Turbo. Kila mwaka, tangu Januari hata Machi, nawaona wakihangaika na trekta na plau, wakilima na kurudia kulima, ili mvua zinaposhika ardhi iwe tayari. Wakulima hunieleza mengi wakingoja risiti, lakini hakuna hata mmoja aliyepata kuniambia kwamba mwaka huu atapanda kwanza, ili mahindi yenyewe yang'oe magugu.

Mume wangu ni fundi wa kujenga, na katika kazi yake ni hodari. Tulipooana alikuwa akinywa Jumamosi tu, baada ya kulipwa. Kisha Ijumaa ikaungana na Jumamosi. Baadaye ikawa hakuna siku isiyo yake, na asubuhi mikono yake ilitetemeka mpaka akanywe kidogo apate kushika mwiko, jambo ambalo vijana wa siku hizi huliita "kutoa loki". Alikunywa busaa alipokuwa na wakati wa kukaa, na chang'aa alipokuwa na haraka. Hakunipiga hata siku moja. Nalisema hili mapema, kwa kuwa yote nitakayoyaeleza yanasimama juu yake.

Mwaka wa nne wa ndoa yetu nilikuwa nimetimiza miaka 31, na watu walikuwa wamekwisha kuanza kunitazama tumbo kabla ya kunisalimu. Mimi nami nilimtaka mtoto, tena sana. Sikutaka kugombana na mume wangu, maana ugomvi tulikuwa tumeujaribu na haukuzaa kitu ila usingizi mbaya. Nikafanya ile kazi niijuayo. Nikanunua daftari la mistari, nikaandika kila jioni kwa majuma manane: leo amelipwa kiasi gani, amefika nyumbani na kiasi gani. Mshahara wake ulikuwa shilingi 1,200 kwa siku, siku sita kwa juma, yaani shilingi 57,600 kwa muda huo wote. Zilizofika nyumbani zilikuwa 31,150. Sikuandika neno jingine lolote katika daftari lile, wala lawama, wala tarehe za matusi. Hesabu ikitiwa maneno huwa mashtaka, nami sikutaka kumshtaki mtu.

Nilingoja siku ifaayo. Ilikuja Jumanne moja ya mwezi wa Mei mwaka jana, mvua ilipokuwa imezuia kazi tangu alfajiri, naye amekaa kitandani hajanywa bado. Nilimwekea chai, nikamwambia, "Baba, mimi nataka mtoto. Wewe je?" (Nyumbani kwetu mke humwita mumewe hivyo hata kabla ya kuzaa.)

Akasema, "Swali gani hilo? Kila simu ya mama ni hiyo hiyo."

"Basi tazama hapa."

Akatazama kwa muda mrefu. Fundi wa kujenga ni mtu wa vipimo, na hesabu haimpigi chenga. Alirudia kujumlisha kwa kidole, kisha akaniuliza, "Na hizi elfu 26 na ushee zimekwenda wapi?" Nikamjibu kwamba hilo ndilo swali nililotaka anijibu yeye.

Hakunijibu siku ile. Alinieleza jambo jingine ambalo kwa miaka minne hakuwa amelisema: kwamba baba yake aliuza ng'ombe aliyekuwa amewekwa kwa karo yake ya kidato cha tatu, na fedha zikaisha kwa juma moja katika nyumba ya mama pima. Ndiyo sababu alishika mwiko akiwa na miaka 17. Akasema, "Mimi sikutaka mtoto wangu anitazame kama nilivyomtazama mzee." Nikamwambia kwamba mtoto huyo hajaja bado, kwa hiyo nafasi ipo.

Hapo ndipo tulipofanya mapatano yetu. Tulikubaliana kwamba sitashika mimba mpaka amalize miezi sita kamili bila kuonja pombe ya namna yoyote. Mwajiri wake, kwa maombi yake mwenyewe, angetuma nusu ya mshahara moja kwa moja katika simu yangu. Yeye angekwenda hospitali kutafuta matibabu, nami ningeendelea kutumia dawa ya kupanga uzazi, si kwa siri, bali akijua. Tena mimi mwenyewe singegusa hata bilauri ya busaa katika sherehe za jamaa. Mapatano haya hayakuandikwa kwa wakili. Yaliandikwa katika ukurasa wa mwisho wa daftari lile lile, naye akatia sahihi yake, nami yangu.

Hapa yanibidi niseme neno juu ya siri. Nawajua wanawake wafichao vidonge ndani ya debe la unga, na wengine huchagua sindano kwa sababu haiachi pakiti nyumbani. Siwalaumu. Mwanamke ambaye mumewe akilewa humpiga au humlazimisha hawezi kukaa naye mezani na daftari kama mimi, na asidanganywe na habari zangu. Huyo hahitaji mapatano, ahitaji kwanza mahali pa usalama. Ipo Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015, ambayo humwezesha kuomba mahakama imkataze mume kumkaribia, na ipo simu ya bure, 1195, ipokeayo habari za ukatili kama huo. Lakini mahali ambapo ni ulevi tu bila kipigo, siri ya namna hii naiona ina hatari yake, kwa kuwa mume akigundua hupata sababu nzuri ya kurudi kilabuni, na mazungumzo huhama kutoka pombe yake yakawa juu ya uongo wako.

Nilikwenda kwa muuguzi wa uzazi wa mpango, nami nilikuwa natumia sindano ya miezi mitatu. Aliniambia jambo ambalo wanawake wengi hawaambiwi, au huambiwa wasisikie. Sindano ile haiharibu kizazi, lakini uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi. Mara nyingi hupita kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, na kwa wengine zaidi. Aliyeweka kijiti mkononi au koili hurudi katika hali yake upesi mara baada ya kuondolewa, na kadhalika anayetumia vidonge. Basi nikahamia vidonge, ili siku ya mapatano ikitimia tusingoje tena mwaka mzima kwa sababu ya dawa. Mwanamke wa miaka 31 bado ana nafasi, lakini si nafasi ya kuchezea.

Muuguzi huyo huyo ndiye aliyetufunulia habari za miezi mitatu. Mbegu ya mwanamume haitengenezwi siku itumikayo. Huchukua siku zipatazo 74 kuumbwa, kisha siku kadhaa nyingine za kukomaa na kusafiri. Maana yake ni kwamba mbegu ya leo ilianza kuumbwa zaidi ya miezi miwili iliyopita, na kama mwenyewe wakati huo alikuwa akilala mtaroni, mbegu nayo ilikuwa pamoja naye. Pombe nyingi hupunguza homoni ya kiume, hupunguza hesabu ya mbegu na nguvu zake za kuogelea, na wanaume wengi wajua, ijapokuwa hawasemi, kwamba hupunguza na mengine. Habari njema ni kwamba mwanamume akiacha, aghalabu mbegu hutengenea, maana zile za zamani huisha na mpya huchukua mahali pake. Ndiyo maana tukasema miezi sita: mitatu kwa ajili ya mbegu, na mitatu kwa ajili yangu, nipate kumwamini. Mwili wake ulipata hesabu yake, nami nikapata yangu.

Na kwa upande wa mama, mambo ni mazito zaidi. Mwaka 1968 daktari mmoja wa Nantes, Ufaransa, jina lake Paul Lemoine, aliandika habari za watoto ambao mama zao walikuwa walevi. Mwaka 1973 madaktari wa Seattle, Marekani, wakaupa ugonjwa huo jina. Mtoto huzaliwa mdogo, uso wake una alama zake, na akili yake haikui kama ya wenzake, wala hakuna dawa ya kuyarudisha yaliyoharibika. Ugonjwa huu huletwa na pombe anayokunywa mama, si anayokunywa baba. Lakini tusijidanganye: katika nyumba ambamo mume hunywa kila siku, mke hukaribishwa kila siku, na wanawake wapikao busaa na chang'aa mitaani kwetu huonja kila siku kwa kazi. Hakuna kipimo kidogo ambacho madaktari wamekithibitisha kuwa salama katika mimba. Na kwa kuwa mwanamke aweza kukaa mwezi mzima na zaidi asijue kwamba ana mimba, hawezi kungoja ajue ndipo aache.

Jambo la namna hiyo hiyo ni asidi ya foliki. Ule mfereji ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga katika siku 28 za kwanza. Usipofunga vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Mwanamke anayetazamia mimba apaswa kupata mikrogramu 400 za asidi hiyo kila siku, aanze walau mwezi mmoja kabla, wala asingoje siku ya kwanza ya kliniki. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya huwataka wenye viwanda kutia virutubisho hivyo katika unga wa mahindi na wa ngano uuzwao kwa pakiti. Lakini ndugu zangu wakulima, sisi tunaosaga mahindi yetu wenyewe katika kinu cha posho, unga wetu hauna kitu hicho. Ni mtamu kuliko wa dukani, nakubali, nami sitauacha. Ila mwenye nia ya kuzaa na ameze kidonge.

Sasa nirudi kwa mume wangu. Mwezi wa Juni alikwenda hospitali, na ni vema alikwenda. Wako watu wasemao kwamba mwanamume wa kweli huacha pombe kwa siku moja, kwa nguvu ya moyo. Kwa mtu anywaye kidogo yamkini ni kweli. Kwa mtu ambaye mikono yake hutetemeka asubuhi ni shauri la kuua. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafula waweza kuangushwa na kifafa, au mtu akaweweseka na kuona vitu visivyopo, hasa katika siku mbili tatu za kwanza, na wengine hufa. Daktari alimlaza siku tano, akampa dawa za kutuliza kwa kipimo kilichopungua kila siku, na vitamini B1, ambayo walevi wengi hupungukiwa nayo. Nilikaa naye usiku wa pili. Alitoka jasho likalowesha shuka, na mara mbili aliniuliza ni nani amesimama mlangoni, wala hapakuwa na mtu.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, na kwa kazi hiyo mji wetu una bahati kuliko ijulikanavyo. Katika kliniki za AMPATH hapa Eldoret na sehemu za jirani, wataalamu walifanya jaribio kwa wagonjwa 614 wenye virusi vya UKIMWI waliokuwa wakinywa, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2021. Walikutanishwa katika vikundi, mara moja kwa juma kwa majuma sita, dakika 90 kila mara, mazungumzo yakiwa kwa Kiswahili. Wengine walifundishwa jinsi ya kuitambua saa ambayo tamaa huja, na jinsi ya kukataa kikombe bila kumtukana anayekitoa; wengine walifundishwa habari za afya tu. Wale wa kwanza walipata siku nyingi zaidi zisizo na pombe. Na lililonifurahisha mimi ni kwamba waliofundisha hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Tena limefanyika hapa hapa Eldoret jaribio jingine la kuwafundisha akina baba wa mtaani kuwashauri akina baba wenzao wanywao, wakizungumza nao juu ya pombe na juu ya watoto wao kwa pamoja.

Mume wangu hakuwa katika majaribio hayo, lakini mshauri aliyempata alifuata njia iliyokaribiana nayo. Alimwuliza saa gani pombe humwita. Akajibu kwamba humwita saa kumi na moja jioni, akishuka jukwaani, vumbi la simiti kooni na fedha mfukoni. Basi wakapanga saa ile iwe na kazi. Anakuja dukani kwangu, twarudi nyumbani pamoja kwa miguu. Njia yetu ya zamani hupita mbele ya kilabu. Sasa twazunguka, twachelewa dakika 20. Ni jambo dogo mno hata naona haya kuliandika gazetini, lakini ndilo lililofanya kazi kuliko maombi yangu ya miaka miwili.

Mwezi wa Agosti akaanguka. Palikuwa na mazishi ya binamu yake mashambani, nami sikuweza kwenda kwa sababu ya kazi. Alirudi siku ya tatu, na kabla sijafungua mlango nilijua. Asubuhi yake alisema, "Ni siku moja tu. Hesabu iendelee." Nikamjibu kwamba ukurasa ule hausemi "karibu miezi sita". Tukaenda kwa mshauri atuamue, naye akakataa kuamua. Alisema tu kwamba kuanguka si ajabu, na watu wengi waachao pombe huanguka mara moja au zaidi kabla ya kusimama. Kama siku moja ingedhuru mbegu au isingedhuru, mimi sikuliangalia hilo. Niliangalia kwamba alikunywa siku ambayo sikuwapo, na mtoto atakuwa na siku nyingi ambazo mimi sitakuwapo. Tulianza tena tangu siku ya kwanza. Alikasirika kwa juma zima, akala chakula chake kimya. Lakini jioni, saa kumi na moja, alikuja dukani.

Serikali nayo imefanya yake. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ambayo watu huiita sheria ya Mututho, iliweka saa za kufungua na kufunga mabaa, ikaruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni na kutiwa katika chupa. Sina neno juu ya sheria hiyo, ila kwamba ile chang'aa ya mitaani kwetu haijapata kuiona leseni. Tena hakuna ajuaye ndani yake mna nini. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi, na wengine wakapofuka, kwa kunywa chang'aa iliyochanganywa na spiriti ya viwandani; mwaka 2014 wakafa makumi katika kaunti kadhaa, na Februari 2024 wakafa wengine Kirinyaga. Mwanamke apangaye kuzaa na mnywaji wa pombe ya namna hii apaswa kuuhesabu na ujane pia. Ni neno gumu, lakini wako wajane wa namna hiyo.

Jambo lililonitia hofu kuliko yote, hata kuliko kuanguka kwake, lilikuwa mama mkwe. Alikuja mwezi wa Novemba baada ya kuvuna, na gunia la mahindi na kuku wawili. Ni mwanamke mchapa kazi na aliyelea watoto sita karibu peke yake, nami namheshimu kwa dhati. Usiku wa pili, baada ya chakula, akaweka bakuli chini, akaniambia, "Mke wa mwanangu, mimi sitaishi milele. Kama liko tatizo mwilini, yupo mama mmoja kwetu anajua dawa za mitishamba. Hapana haya."

Wasomaji wanawake wanajua uzito wa maneno hayo. Ningesema kwamba nameza vidonge, ningekuwa mchawi. Ningenyamaza, ningekuwa tasa. Nilikuwa bado natafuta neno la katikati, mume wangu akasema, "Mama, hakuna tatizo mwilini mwake. Ni mimi nimesema tungoje."

Mama akamgeukia. "Mngoje nini?"

"Nimalize miezi sita bila pombe. Sitaki mtoto wangu akue kama tulivyokua sisi."

Nyumba ilinyamaza. Mama mkwe alitazama kuku waliofungwa pembeni kwa muda, kisha akauliza, "Umefikisha mingapi?" Akajibu, "Mitatu, mama." Mama akasema tu, "Baba yako hakufikisha hata siku tatu." Akaondoka akaenda kulala. Kesho yake hakulitaja tena, lakini alipokuwa akipanda matatu aliniachia mkononi shilingi 500, akasema ni za dawa zangu. Mpaka leo sijui alimaanisha dawa zipi, wala sikumwuliza.

Jioni ile nilijua kwamba mapatano yetu si yangu tena peke yangu. Mpaka hapo yeye alikuwa akishika ahadi aliyonipa mimi. Usiku ule aliisema mbele ya mama yake, kwa kinywa chake, nami nikapumzika mzigo wa kutazamwa tumbo. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yasema kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Ni vema iko katika katiba. Mimi nilifurahi zaidi kuisikia jikoni.

Fedha nazo zimebadilika. Nusu ya mshahara huja katika simu yangu kila Jumamosi, na ile nusu ya pili, ambayo zamani sikuiona, sasa huiona sehemu yake kubwa. Tumelipa mchango wa bima ya afya ya SHA wa mwaka mzima, ile iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, ili siku ya kujifungua isitukute tukikopa. Tumenunua godoro jipya. Mume wangu amenunua pia baiskeli kuukuu, nami sikuuliza bei.

Sisemi kwamba amepona. Mshauri wetu hapendi neno hilo, naye husema kwamba mnywaji aliyeacha ni kama mtu wa kisukari, haachi kujitazama. Wakati wa sherehe za kutahiri vijana mwezi wa Desemba tulikaa nyumbani, na jamaa wakasema tumekuwa wenye kiburi. Mtu akija na chupa, mume wangu hutoka nje kutazama baiskeli yake. Usiku mwingine huamka, akakaa ukingoni mwa kitanda, nami hujua, nikawasha jiko la gesi nikapika chai. Wale walio katika hali kama yetu na hawana mshauri karibu waweza kupiga simu ya NACADA, 1192, ambayo haina malipo. Mume wangu aliipiga mara moja, usiku wa manane, bila kuniambia. Niliiona namba hiyo katika simu yake siku ya pili.

Miezi sita yatimia Jumapili ya juma lijalo. Asidi ya foliki nimeimeza tangu mwezi uliopita, kidonge kimoja kila asubuhi baada ya chai. Vile vidonge vingine vimebaki saba katika pakiti, na vikiisha sitanunua tena.